Jicho la Mwajuma

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, halafu nyamaza unisikilize. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na jua la Dodoma lilikuwa linawaka. Haya yalinikuta mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, simu za mkononi zimeanza kuingia kila nyumba. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, mimi na mwenzangu Deo, na kazi yetu ilikuwa kutengeneza mchezo wa kompyuta. Nyumbani Kondoa walishangaa, mtu mzima anasomea michezo? Mchezo wenyewe ulikuwa wa msichana anayetembea nyikani akitafuta maji, na kila kisima anakikuta kikavu. Msichana huyo nilimchora kutokana na mdogo wangu, Mwajuma. Nilimpiga video akitembea uani, maana ana mwendo wake, mguu wa kushoto anautupa nje kidogo. Gauni tu ndilo nililobuni, la kijani. Mwajuma hajawahi kuwa na gauni la kijani.

Baba, anayefundisha madrasa, alikubali kwa sharti moja.

"Macho usimtie, mwanangu. Ukimtia macho, siku ya mwisho utaambiwa umtie na roho."

Nikaahidi. Deo alinung'unika kila siku kwamba mwalimu wetu hatapitisha mchezo wa mtu asiye na macho, na hapo shahada yetu ndiyo basi tena.

Ijumaa moja nilikwenda kuswali. Niliporudi, chumba cha kompyuta kilikuwa kitupu, Deo ameenda kula. Kwenye kiti changu alikaa msichana, kanipa mgongo, kajitanda ushungi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nani kakuruhusu kukaa hapo?"

"Nakusubiri unimalizie."

Akageuka. Niamini, ndugu yangu, gauni lilikuwa la kijani. Jicho la kushoto lilikuwepo, linapepesa, limejaa machozi. Upande wa kulia palikuwa na ngozi tupu, laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Nikatazama kompyuta. Deo alikuwa amemchorea jicho moja, la pili bado.

"Ongeza la pili, kaka. Naona nusunusu."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilikumbuka ahadi yangu kwa baba. Nikasoma aya ya kwanza iliyonijia, nikanyoosha mkono pembeni yake hadi kwenye kompyuta, nikalifuta lile jicho.

Akajishika uso.

"Kaka, mbona unazima taa?"

Akainuka, akatoka akipapasa ukuta, mguu wa kushoto anautupa nje.

Simu ikalia kabla sijaketi. Alikuwa mama, analia. Mwajuma alikuwa uani anapepeta mtama, mara akapiga kelele: "Kaka, mbona unazima taa?" Tangu dakika ile jicho lake la kushoto halioni. Tulimleta hospitali, daktari akalimulika na kulimulika, akasema ni zima, halina kasoro yoyote. Deo alitaka kulichora upya. Nilimkataza, niliogopa lisije likaondoka na la pili.

Baadaye Mwajuma akaniambia kwamba jicho lile haliko gizani kabisa.

"Linaona nyika, kaka. Na visima vikavu. Kimoja kiko nyuma ya jiwe lenye ufa."

Mchezo ule sikuwahi kumwonyesha, wallahi.

Shahada tuliipata, kwa kazi nyingine. Kompyuta ile sikuiuza. Siku moja niliiwasha, nikakijaza maji kisima cha nyuma ya jiwe. Jioni Mwajuma akapiga simu, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Kaka, leo kuna maji!"

Sasa kompyuta imezeeka, inajizima yenyewe, na kila ikijizima nakaa na simu mkononi, nangoja Mwajuma apige. Wewe unayesomea kazi hii, ukimchora mtu wako, usimtie macho. Na kama umeshamtia, nakuomba sana, usifute.