Simu ya Merv Ndani ya Kasha la Bia

Wiki ya kuelekea Krismasi, Merv Haddow, mfugaji wa chaza kwenye ghuba, aliitupa simu yake ndani ya kasha la barafu, chini ya bia, akakalia kifuniko.

"Sasa ipige kelele mpaka ichoke," alimwambia Thalia Petrakis.

Thalia, mhandisi wa data aliyekulia kwenye ghuba hiyohiyo, hakucheka. Kila shamba la chaza lilikuwa na kipima chumvi kilichotuma vipimo mchana kutwa, na yeye ndiye aliyeandika swali la SQL, yaani amri ya kompyuta ya kuchuja mkondo huo: chumvi ikibadilika ghafla, mwenye shamba apate tahadhari. Mvua ya milimani hushusha maji machafu, chumvi ikapungua. Ukivuna wakati huo, mzigo wote wa sikukuu unarudishwa na wanunuzi.

Lakini tahadhari hazikukoma. Alasiri hiyo wafugaji wangepiga kura kuving'oa vipima.

"Nola, jirani yako wa juu, naye analalamika?" Thalia aliuliza.

"Nola kaiwekea simu mto juu. Anasema kelele za bure anazo nyumbani, kaolewa nazo."

"Maji yako yamebadilika leo, Merv?"

"Yaleyale. Mimi niko mdomoni mwa bahari, chumvi tupu. Anayekunywa maji ya mto ni Nola, huko juu."

Thalia aliacha kutafuna pai yake, akafungua kompyuta. Swali lake lililinganisha kila kipimo na kile kilichotangulia kufika, bila kujali kimetoka wapi. Kikifika kipimo cha Merv baada ya cha Nola, kompyuta iliona mto umegeuka bahari. Aliongeza sharti moja: kipimo cha kila kipima kilinganishwe na cha awali cha kipima hichohicho.

"Kosa langu," alisema. "Nilikuwa nakulinganisha na Nola."

"Wengi wamejaribu. Wameumia."

Simu zikanyamaza. Kufikia adhuhuri Merv alikuwa ameshaiopoa yake, akaipangusa na kuitikisa.

"Imekufa hii."

"Haijafa. Haina la kusema."

"Ghuba hii hakuna aliyewahi kunyamaza kwa sababu hiyo."

Alasiri walikusanyika kwenye banda la kuchambulia chaza. Merv alishanyoosha mkono kutaka vipima ving'olewe, simu moja ikalia. Ya Nola. Aliisoma, akageuka kutazama vilima. Wingu jeusi lilikuwa limevikalia. Mumewe, Des, alikuwa mashuani, anapakia chaza.

"Des, acha," alisema kwenye simu. "Rudisha vikapu majini. Vyote. Usibishe, hujawahi kushinda."

Wote wakamgeukia Merv. Aliitazama simu yake. Kimya.

"Kwangu bado bahari," alisema polepole.

"Kwa sasa," Thalia alimjibu.

"Mkono wako uko juu, Merv," Nola alimkumbusha.

Aliushusha, akaitia simu kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

"Nilikuwa nauliza nani ana bia," alisema. "Kasha langu lina nafasi tangu simu itoke."