Shemeji Aliyetaka Kuoa kwa Kanzu ya Marehemu

Shemeji aliingia dukani kwangu asubuhi na kanzu ya marehemu mkononi. Akataka niipige pasi, eti aoe nayo.

Sitanii. Na marehemu mwenyewe ni kaka yake wa tumbo moja, mume wa dada yangu, ambaye kaburi lake hata halijaota majani vizuri.

Mimi ni mwanamke dobi. Nguo ya mtu naikumbuka kuliko sura yake. Kanzu ile nimeifua miaka, na uzi mwekundu niliowahi kuutia ndani ya ukosi kama alama ya mwenyewe ulikuwa bado upo.

"Unamuoa nani?" nikamuuliza.

"Kwani hujaambiwa? Dada yako. Ijumaa baada ya swala."

Alisema huku anachokonoa meno kwa kucha ya kidole kidogo. Kisha kucha ile ile akaiburuza kwenye ukosi wa kanzu kunionyesha pa kukazia pasi. Nikamnyang'anya kanzu.

Huyu tunamwita Marashi. Anajimwagia manukato mpaka nzi wanapiga chafya.

"Na dada kakubali?"

Akacheka. "Kanyamaza. Kimya cha mwanamke ndiyo ridhaa yake. Hayo mambo ya dini, shemeji, wewe endelea na sabuni zako."

Jamani! Dada alikuwa kimya kwa sababu alipasuliwa koo!

Alikuwa na uvimbe, ukatolewa akiwa bado edani. Daktari akamwambia asitoe sauti mpaka kidonda kipone, na kwamba sauti yenyewe huenda ikarudi, huenda isirudi. Sasa eda imekwisha tu, huyu bwana kashatokea na kanzu.

Nikazima pasi, nikaitupia kanzu begani, nikaenda kwa dada. Marashi akanifuata nyuma.

Dada ni fundi cherehani. Anashonea chumba cha mbele cha nyumba aliyoiacha mumewe. Nyumba hiyo ni ya mirathi: dada ana fungu lake, binti yake ana lake, na Marashi naye kama kaka wa marehemu ana lake, halali kabisa, hakuna aliyemnyima. Ila yeye alitaka na ya wenzake, na njia ya mkato ni kumuoa mjane.

Nilipofika nikakuta cherehani imesukumwa koridoni, imefunikwa gunia.

Ndani ya chumba, kaka yetu mkubwa amechuchumaa na utepe wa kupimia.

"Kaka, unafanya nini?"

"Napima meza itakaa wapi. Shemeji kanipa chumba hiki nifungue duka la kutengeneza simu."

Mkumbuke, baba yetu hayupo. Kaka ndiye walii, ndiye wa kumwozesha dada, ndiye wa kumlinda. Kamuuza ndugu yake kwa chumba cha mbele! Nilijisikia kama nimekunywa maji ya kufulia soksi.

Na dada alikuwa ameketi pale pale, kitambaa shingoni, wanaongea juu ya kichwa chake kama vile yeye ni kabati. Kuna watu wanadhani asiyesema hasikii pia.

"Mke asiye na sauti," Marashi akamwambia kaka, "Mungu akupe nini tena?"

Wakacheka, wakagonganisha viganja.

"Huyu binti yake tutampeleka akaishi kwa shangazi," akaendelea. "Siwezi kulea mtoto wa mtu."

"Mtoto wa kaka yako leo kawa mtoto wa mtu?" nikamuuliza.

"Wewe dobi, mdomo huo!"

Nikainamisha macho nisije nikamtemea mate. Hapo ndipo nikaona miguu yake. Alikuwa kavaa viatu vya marehemu. Vinampwaya, kavijaza magazeti mbele, kila hatua vinapiga paa, paa.

Nikapiga magoti mbele ya dada. "Dada, unamtaka huyu?"

Akaweka kidole midomoni. Kisha akaigusa kanzu begani kwangu, akapitisha kiganja juu yake taratibu. Piga pasi.

Nilichoka.

"Umeona?" kaka akasema. "Mwenyewe ameridhia. Acha fitina."

Nikarudi dukani, nikaipiga pasi. Kila mkunjo nilioukunjua niliusindikiza na laana, na hasira nyingine zilikuwa za dada mwenyewe.

Ijumaa ikafika. Sebuleni wakaketi sheikh, mashahidi wawili na majirani wa kiume. Sisi wanawake tulikuwa chumbani na dada, mlango una pazia. Marashi alipoingia, harufu ilitangulia kusalimia. Kanzu imenyooka, kazi yangu hiyo, na viatu vinapiga paa, paa.

Sheikh ni mtu mzima asiye na haraka. Akauliza, "Bibi harusi kaulizwa?"

"Kaulizwa, sheikh," kaka akadakia. "Kanyamaza. Si kimya ndiyo ridhaa?"

Sheikh akamkazia macho. "Hiyo ni ya mwanamwali, ambaye haya humfunga mdomo. Huyu kaolewa, kazaa, kafiwa. Mjane hana budi atamke mwenyewe. Wewe walii mzima hulijui hilo?"

Kaka akamgeukia Marashi.

"Hana sauti, sheikh," Marashi akasema, jasho linachanganyika na marashi. "Kapasuliwa koo."

"Basi atatoa ishara, na mimi niione. Asiyeweza kusema, ishara yake inatosha."

Sheikh akaja mlangoni, pazia likasogezwa. Kaka naye akajipenyeza chumbani, akasimama nyuma ya dada, mpole kama mtu anayemfariji.

"Binti yangu," sheikh akasema, "umeridhia kuolewa na huyu?"

Nikaona mkono wa kaka unaingia chini ya mtandio. Ukamshika dada kisogoni. Ukasukuma.

Kichwa cha dada kikaenda mbele, kikarudi.

Mkono wa kaka! Umeshika shingo yenye kovu bichi, unamtikisa mtu aitikie. Nimefua mashuka ya wagonjwa, nimefua nguo zilizooza, sijawahi kuona uchafu kama ule.

"Ameitikia!" kaka akapaza sauti.

"Toa mkono wako."

Sauti nzito, ya kukwaruza. Nilidhani ni sheikh kasema. Nikamtazama, naye anashangaa.

Alikuwa dada.

Akasimama. "Sheikh, sitaki. Natamka mwenyewe, na mashahidi wasikie. Sitaki."

Chumba kizima kikasema, "Ala!" Kaka aliruka nyuma kama kashika waya wa umeme.

"Kumbe unaongea?"

"Siku nyingi. Nilikuwa nawasikiliza." Akaanika yote mbele ya watu: chumba cha mbele, binti kupelekwa kwa shangazi, mke asiye na sauti. Majirani wakawa wanatazama sakafu.

Sheikh akamgeukia Marashi. "Mwanamke harithiwi kama kitanda. Hakuna ndoa hapa. Mirathi itagawanywa kwa haki, na mimi nitakuwepo." Kisha akamwambia kaka, "Na mkono ule utaulizwa, siku ambayo hautakuwa na pa kujificha."

Marashi akaelekea mlangoni bila kuaga.

"Subiri," dada akasema. "Vua kwanza viatu vya mume wangu."

Akavivua mbele ya mashahidi. Magazeti yakadondoka yamelowa jasho. Akatoka peku. Kanzu tulimwachia, maana tungemtoa uchi.

Jioni, tukirudisha cherehani mahali pake, nikamuuliza dada kwa nini hakuniambia.

"Ningekataa chumbani, wangenizima chumbani," akasema. "Nilitaka aje kapendeza, na sheikh, na mashahidi, ili nikikataa asije akasema sikukataa."

Najua kuna watakaosoma hapa waseme dini ndiyo humfunga mwanamke mdomo. Mimi nilikuwepo. Dini ilikuja mpaka mlangoni ikamuuliza. Aliyemshika shingo ni ndugu yake.

Kwa hiyo wewe mwenye dada, binti au mjane ndani, usinitangazie kimya chake. Muulize. Lakini kwanza toa mkono wako kisogoni mwake.