Kiitikio cha Darasa la Jirani

Mwalimu wa darasa la jirani hapazi sauti. Hugonga meza kwa pete yake, ko, kisha hunong'ona, "Saba mara nane?" na watoto wote huitikia kwa sauti moja hadi ukuta wetu unatetemeka. Vidole vyake vimepauka kwa chaki hata siku za mapumziko. Mimi huwaketisha wanafunzi wangu kwa makundi, wabishane, wagundue wenyewe. Yeye hunichungulia dirishani akitabasamu. "Wewe waulize, mwenzangu. Mimi nawajaza."

Jana aliugua, hakuja. Asubuhi nzima nilisikia kupitia ukutani kimya kinachotosha swali moja, kisha kiitikio, kisha kimya tena. Nilipoingia darasani kwake, watoto walikuwa wameketi wima, macho kwenye kiti kitupu. "Nani anawauliza?" Wakajibu pamoja, "Mwalimu." Nikajikaza kucheka, nikarudi kwangu. Wangu walikuwa wamevunja makundi na kupanga madawati kwa mistari, mikono juu ya meza, wanangoja. Nilifungua kinywa niwakemee. Ukutani pakagongwa, ko, nami nikaitikia pamoja nao, "Hamsini na sita."