Mama hataki kumeza dawa mpaka watoto aliowachanja waambiwe

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nina mume na binti mmoja, nauza unga hapa Kikula, Likasi. Baba alishafariki. Mama anaishi kwangu, na ni habari zake ninazoleta hapa, kwa sababu nyumbani siwezi kuziongea bila kugombana.

Kwa miaka mingi mama alikuwa akichanja watoto. Mtoto akivimba bandama au akishikwa na degedege, mzazi alimleta kwetu. Mama alimchanja chale tatu fupi chini ya mbavu za kushoto, akapaka dawa ya majivu, mtoto akarudishwa mgongoni. Wembe aliuosha kwenye kikombe cha maji ya chumvi, akaufunga kwenye kitambaa, na ulitumika mpaka ushindwe kukata. Akijikata kidole alifuta damu kwenye kitenge na kuendelea. Alifanya kwa moyo safi, nawaapia. Watu wengi wa hapa wamepita mikononi mwake, na wanamheshimu.

Mwaka jana alianza kuchoka, tumbo likavimba, miguu nayo. Tulitibu tifoidi, tukatibu vidonda vya tumbo. Majirani wakanong'ona kwamba anakunywa lutuku kwa siri, mama huyu ambaye harufu ya pombe tu inamtoa matangani! Kaka yangu, anayechimba madini kule Kamatanda, akampeleka kwenye maombi, wakamwambia ni mkono wa mtu. Alipotapika damu nilisema sasa basi. Nikampeleka Lubumbashi kwa daktari bingwa wa ini.

Daktari alisema ni homa ya ini aina C, na ini lilishajaa makovu. "Mama, hii bugonjwa inapitaka mu damu," alimwambia. "Haiko bulozi, haiko pombe." Akaeleza kwamba kuna vidonge vya kumeza kila siku kwa miezi kadhaa, vinaweza kuwaua virusi. Makovu hayataisha, lakini ini lingepata nafasi ya kupumua. Nilitaka kumkumbatia yule daktari. Kisha akauliza kama mama aliwahi kuongezewa damu au kuchanjwa.

Mama akatazama mikono yake. "Docteur, minye njo nilikuwa nachanja batoto ba bantu."

Daktari akasema hakuna awezaye kujua nani aliambukizwa, labda hata mmoja hayupo, ila kila aliyechanjwa ingefaa apimwe.

Dawa tumezipata, msiniulize kwa shida gani. Ziko kabatini. Mama hajameza hata moja.

"Nitakunwa dawa namna gani, na bale batoto pengine biko nayo bila kujua?" anasema. "Muende mubaambie, nyumba kwa nyumba. Kiisha nitakunwa."

Mimi na binti yangu tuna chale zake, kwa hiyo tulienda kupimwa. Hatuna kitu. Nilirudi nikicheka, nikidhani sasa atalainika. "Aksanti Mungu," akasema. "Na bengine?"

Kaka naye ana chale hizo hizo, lakini kupimwa hataki kusikia. Nilipomwambia tuanze hata na majirani wawili watatu, alisimama katikati ya chakula. "Weye uko na akili? Batasema mama iko mulozi, alikuwa anapanda bugonjwa mu batoto. Batatuchomea mu nyumba!" Nikamjibu kwamba bila dawa mama atakufa. Akaniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, akikufa na bugonjwa, ni Mungu. Akikufa na majiwe, ni weye." Nilimchukia siku ile. Lakini hasemi uongo, tumeshaona vikongwe wakifanyiwa hivyo kwa makosa madogo zaidi.

Sasa sokoni simwangalii tena mtu usoni, namwangalia mbavu. Mwanaume mmoja alikuja kununua unga, akajikuna, shati likapanda. Zilikuwepo, tatu. Mkono wa mama naujua kama ninavyoujua mchuzi wake. Nikampimia unga, nikamshukuru, akaenda zake. Ningemwambia nini?

Mama akisinzia mchana kwenye kiti chake, namsikia anabembeleza: "Nyamaza, papa, inaisha sasa hivi." Ndivyo alivyokuwa akiwaambia watoto wakati wa kuwachanja. Daktari alinionya kwamba ini likichoka linaweza kuvuruga akili. Sijui kama ni ini linaongea au ni dhamiri. Naogopa kuingia alipo, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Juzi alikuja mama kijana na mtoto mwenye homa. Nikamwambia mama yangu ni mgonjwa, ampeleke hospitali. Akacheka, akainua blauzi anionyeshe. "Yeye njo alinichanjaka minye, na niko muzima!" Ndani mama alisikia sauti, akamwita aingie, ana neno la kumwambia. Nikasimama mlangoni, nikasema anaweweseka tu, homa. Yule mwanamke akaondoka, na kwa njia aliyoshika hakwenda hospitali. Mama alinitazama, akageukia ukutani, na tangu hapo hali chakula nilichopika mimi.

Daktari alisema tusichelewe, anaweza kutapika damu tena na safari hiyo tusimuwahi. Nikiongea, naweza kumpoteza mikononi mwa watu. Nikinyamaza, atafia mbele ya kabati lenye dawa zake, na hao wengine wataendelea kuvimba matumbo huku wakiambiwa wamerogwa.

Leo asubuhi nilimwambia nitaomba ushauri kwenye ukurasa huu, kwamba kuna maelfu ya wasomaji, na kwamba admin huwa anaficha majina. Alikuwa hajaniongelesha tangu juzi. Akageuka, akaniambia, "Usifiche. Andika jina yangu yote, na avenue, bajue ni minye."

Ndugu zangu, jina lake nimeshamwandikia admin pembeni. Nishaurini: nimwambie aliweke?