Betri Moja Ilipotea, Nikanyamaza

Nimekosa, jamani. Sikuponzwa na shetani wala sikusukumwa na mtu. Nilijua ukweli, nikaufungia mdomoni, na mtoto wa watu nusura afe mikononi mwangu.

Mimi ni mke wa mtu, mkazi wa Tabora mjini. Nimeolewa miaka mingi na sijajaliwa mtoto. Mume wangu, nimwite Khalfani, hajawahi kunisimanga hata siku moja. Wanaosema ni wengine. Kila nikibeba mtoto wa jirani, naona macho yanavyonifuata. Mliopitia haya mnanielewa.

Mwaka huu shemeji yangu aliyeko Maskati alituletea zawadi, boksi lenye kijengo cha mbao cha kuunga mwenyewe. Kilikuwa kituo cha reli cha kizamani, kina paa, madirisha, viti vya abiria na taa ndogondogo. Vipande vyembamba kama kadi! Unavibandua kwenye ubao, unavipachika kimoja kimoja kwa gundi na kibanio.

Khalfani alikipita tu. Mimi kikaniteka. Nilikuwa natandika mkeka sebuleni, nakaa na vile vipande mpaka chungu kinaungua jikoni. Nikiwa pale sikuwa nawaza mimba wala maneno ya watu. Nilikuwa na amani.

Basi, wifi yangu Zuhura, dada yake Khalfani, anafanya biashara ya asali. Akaniomba nimshikie binti yake Nasra, aende Sikonge kufuata mzigo. Nasra ndiyo kwanza anatembea, kila anachookota ni mdomoni.

"Wifi, nakuachia roho yangu," akaniambia huku anacheka.

"Nenda zako, tutakula uji tulale," nikamjibu.

Siku hiyo nilikuwa nimefika kwenye taa. Zinatumia betri zile bapa za duara, kama za saa. Nikazitoa kwenye pakiti, nikaziweka mbili kwenye mkeka. Jirani akabisha hodi, anataka kuazima sinia. Nikainuka. Sikukawia! Niliporudi, Nasra alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, ananitazama. Betri ilikuwa moja.

Nikakung'uta mkeka. Nikapapasa chini ya makochi. Nikamfungua mtoto mdomo, nikaingiza kidole. Hamna kitu. Nikajiambia imebingirika, nitaiona nikifagia.

Lakini moyo ulishajua.

Mchana mtoto akakataa uji. Udenda ukaanza kumtoka, mwingi, umelowesha gauni lote. Khalfani akaja kula kutoka dukani kwake.

"Mtoto ana nini huyu?"

"Meno," nikasema.

Meno! Neno lilitoka lenyewe, jepesi kabisa. Kwa sababu kichwani nilishasikia watakavyosema: hana wake, kamuua wa mwenzake. Nilimwona wifi anaangua kilio, nikaona mtaa mzima umejaa mlangoni kwangu. Hofu ya kuitwa muuaji ikanifanya niukaribie uuaji wenyewe.

Khalfani hakuridhika. Akaita bajaji, tukampeleka mtoto zahanati. Daktari, kijana mpole tu, akamsikiliza kifua, akaniuliza:

"Mama, kuna kitu chochote amemeza? Sarafu, kifungo, chochote?"

Khalfani akanigeukia. Ningesema pale, jamani! Mlango ulikuwa wazi mbele yangu.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa naye muda wote."

Akatuandikia dawa ya koo. Tukarudi.

Jua lilikuwa bado halijazama Nasra alipokohoa na kutapika mapajani mwangu. Matapishi yalikuwa na damu, na weusiweusi kama masizi. Akanishika kidole, akanitazama, halia tena, anakoroma tu.

Nikapiga kelele. "Betri! Khalfani, kameza betri!"

"Betri gani?"

"Ya kile kijengo. Tangu asubuhi. Nilijua."

Sitasahau uso wake. Hakunitukana, hakuniinulia mkono. Alininyang'anya mtoto kama unavyomnyang'anya mwizi mali yako, akatoka mbio bila viatu. Mimi nikamfuata nyuma, nasema ya Rabi, ya Rabi, sijui hata nilikuwa naomba nini.

Hospitalini wakampiga picha. Ilionekana pale kooni, duara jeupe. Daktari mkubwa akasema inaunguza kutoka ndani, kila dakika inaunguza, na kifaa cha kuitoa hawana. Ikabidi gari la wagonjwa limpeleke Mwanza.

Khalfani alishampigia Zuhura simu akamweleza yote, naye alifika na bodaboda kutoka Sikonge wakati wanampakia mwanawe, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Akanijia moja kwa moja.

"Wifi, nakuuliza kitu kimoja. Ulijua?"

"Nilijua."

"Daktari alipokuuliza, ulijua?"

"Nilijua, wifi. Niliogopa."

Nilingoja kofi. Nililitaka! Yeye alikaza kanga yake kiunoni, akapanda garini, akaufunga mlango mwenyewe.

Nasra hakufa. Alhamdulillahi, hakufa. Betri waliitoa, lakini koo lilishaungua. Alilishwa kwa mrija muda mrefu, na hata sasa chakula chake ni cha majimaji tu. Kila baada ya muda wanarudi Mwanza kumpanua njia ya chakula. Daktari alimwambia Zuhura kwamba mtoto angewahishwa mchana ule, huenda asingeumia hivi. Nimeambiwa hilo na Khalfani, kwa sauti ya chini, akiwa amenipa mgongo.

Bado ninaishi naye. Hajaniacha. Lakini akitoka haniagi. Na Zuhura akija kumwona kaka yake, Nasra anabaki nje mikononi mwa mtu mwingine. Juzi nilimsikia anacheka uani, sauti imekwaruza kama ya mzee. Nilijifungia chumbani nikauma shuka nisisikike.

Kuhusu mimi, mtaa umeshasema yote niliyoogopa, na mengine sikuwahi kuyawaza. Nimeyasikia, na bado napumua.

Kina mama wenzangu, na kina baba pia: zile betri bapa ziko kwenye rimoti, kwenye saa, kwenye vichezeo vya watoto. Zifungieni. Na ukihisi tu mtoto kameza, hata kama huna hakika, kimbia hospitali, ukifika sema. Sema kabla hujaulizwa! Usipange maneno, usimtazame mumeo usoni, usiwaze wifi atakuchukuliaje. Kusema kungenigharimu aibu. Gharama ya kunyamaza kwangu anailipa Nasra, kila anapomeza.