Kinachogonga Nyuma ya Gari la Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Tani, na aliyempa jina hilo hakuhitaji mizani. Kitambi chake kilimtangulia kila alikokwenda kama king'ora cha msafara wa mkubwa. Alikuwa fundi wa miguu ya magari: springi, bushi, shokomzoba na vyote vinavyolia gari likipita kwenye shimo. Kazi yake ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kushuku. Mteja akisema, "Limeanza jana," Tani alijua limeanza mwaka jana. Muuza spea akiapa kuwa mali ni orijino, Tani alilinusa boksi kwanza. Watu wawili tu ndio hakuwahi kuwashuku: yeye mwenyewe na mkewe.

Mama mkwe wake alikuwa mjane, mwembamba kama ufito, na marehemu mumewe alimwachia gari la michezo la viti viwili, jepesi kiasi kwamba wanaume wanne wangelihamisha kama kabati. Wajane wengine huachiwa saa ya ukutani. Huyu aliachiwa kitu cha kukimbia, naye alikikimbiza. Misibani alifika kabla ya jeneza.

Asubuhi moja alilisimamisha mlangoni mwa gereji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Linagonga. Nyuma, upande wa kulia. Ko, ko. Kama mtu anabisha hodi."

Tani alijipenyeza kwenye usukani, akashikilia pumzi mlango ufungwe, akazunguka mtaa. Alipita kwenye matuta, akapita kwenye mashimo. Kimya. Akarudi.

"Mama, mbona limetulia?"

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

Sasa hapo mkwe mwenye akili anajibu nini? Tani alichukua jeki. Alitikisa matairi, akaingiza mtaimbo kwenye bushi moja moja, akakagua linki za stabilaiza na mpira unaoshika difu. Akatoka tena barabarani, akavuta breki ya mkono kidogo, maana breki zikilegea nazo hugonga. Hakuna. Shokomzoba hakuzigusa. Alizifunga kwa mikono yake mwenyewe miezi michache nyuma, na kazi ya mikono ile haikaguliwi, huheshimiwa.

"Basi dalali alisema kweli," mama mkwe akasema taratibu.

"Dalali yupi?"

"Aliletwa na mwanangu, mkeo huyo. Alilisukuma kwa mguu akasema chesisi imeoza, sauti hiyo ni mifupa. Mkeo naye ananiambia nitafute kitu cha umri wangu. Kitu gani, kigoda?" Alilipapasa gari begani, kama anavyopapaswa ng'ombe anayeuzwa. "Dalali anarudi Jumamosi. Likiwa bado linagonga, nampa ufunguo aliuze. Napenda mbio, mwanangu, lakini sipendi kufa kwa ubishi."

Kumbe! Shaka la Tani lilipata pa kukaa. Dalali anayejua ugonjwa wa gari kwa kulipiga teke ni dalali aliyeuleta ugonjwa mwenyewe. Kwa siku mbili alimtafuta mtu yule kila kijiwe. Alipompata, mtu yule alikuwa anachokonoa meno na njiti.

"Ulilifanya nini gari la mama mkwe wangu?"

"Mzee Tani, mimi hata boneti sijui inafunguliwa upande gani. Mimi nauza mdomo."

Ubaya ni kwamba ilikuwa kweli. Mji mzima ulilijua hilo.

Ijumaa Tani alilijaribu tena mbele ya mama mkwe. Kimya. Alipozima injini na kushuka, akasikia springi zikihema, akageuka, akaliona gari linanyanyuka. Lilipanda kama mtu aliyetua gunia. Akalitazama gari, akalitazama tumbo lake, na kwa mara ya kwanza maishani akamshuku mtu sahihi.

"Mama, hebu endesha wewe. Pita pale kwenye tuta. Mimi nitakaa chini."

Akachutama kando ya mtaro, sikio karibu na lami. Wapita njia hawakumwacha salama.

"Fundi, umedondosha nini?"

"Kadondoka mwenyewe! Leteni winchi!"

Mama mkwe akaja, vumbi nyuma yake. Gari likapanda tuta, likashuka, mkia ukaruka. Ko! Akageuza, akarudi. Ko! Na sauti ile haikutoka chini alikokuwa anachokonoa siku zote. Ilitoka juu, ndani ya buti, pale kichwa cha shokomzoba kinapofungwa kwenye bodi. Uzito wa Tani ulikuwa unakikandamiza kikanyamaza. Akiendesha mama mkwe, mkia ukiruka kidogo tu, kichwa kinaachia na kugonga.

Alifungua buti, akainua zulia. Nati mbili. Akazishika kwa vidole, zikacheza.

Sasa, Tani alikuwa na desturi. Kila nati aliyokaza aliipigia mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye bodi, ili ikizunguka, mstari ukatike na mwizi ajulikane. Chupa alikuwa anaiba kwenye meza ya mkewe, na ile ya wakati ule ilikuwa nyekundu. Aliinama aone mstari umekatika wapi. Haukukatika. Ulikuwa mzima, umenyooka, umepigwa kwa mkono mwepesi kuliko wake. Tena ulikuwa wa zambarau.

"Umeona nini?" mama mkwe akauliza nyuma yake.

Tani akajaza mdomo wa buti kwa mgongo wake, na mgongo ulitosha. "Nati tu, mama. Zimelegea."

"Zenyewe?"

"Nazikaza sasa hivi."

Nyumbani mkewe alimtengea maji ya kunawa. Kucha kumi, zambarau tupu.

"Ulitumia spana yangu," Tani akasema.

Mkewe hakujifanya haelewi. Hilo alilirithi kwa mama yake. "Nilitaka ligonge tu, aogope. Si lianguke. Umewahi kupanda naye, wewe? Alilipita lori kwenye kona, mume wangu, huku ananisimulia habari za shangazi! Nimemzika baba. Sitaki kumzika na mama nikiwa bado nina nguo zilezile za msiba."

"Na mimi nimeaibika kwenye mtaro kwa ajili yako."

"Utamwambia?"

Tani alinawa mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Jumamosi dalali alikuta gari limeoshwa na mama mkwe amekaa kwenye usukani. Mama alilipitisha kwenye tuta mbele ya macho ya dalali, kisha akamwambia kwa upole kwamba mifupa imepona, aende salama. Binti yake alisimama kibarazani, mikono ameificha ndani ya khanga.

"Mkwe wangu," mama mkwe akaita, "hebu njoo unionyeshe nati zenyewe zilipo. Na spana ni namba ngapi?"

"Kumi na nne, mama. Lakini usijisumbue, mimi nitakuwa nazikagua."

"Wewe?" Alimtazama, kisha akamtazama binti yake kibarazani, kisha akamrudia yeye, bila haraka. "Hapana, baba. Nitakagua mwenyewe."

Akajifunza siku hiyohiyo, na akakaza vizuri kuliko vibarua wengi. Sasa spana namba kumi na nne inalala kwenye mkoba wake, kati ya miwani na dawa za presha. Bintiye akija kumsalimu hupokewa vizuri, hukaribishwa kiti, huulizwa habari za nyumbani. Ila kabla hajaketi, mama huuchukua mkoba taratibu na kuuhamishia upande wa pili.