Mama yangu aliacha boma Kitale akarudi kwao Misikhu ili kanisa limbatize

Wakuu, salamu kwenu nyote, mliolala vizuri na mliokesha na simu mkononi.

Jana kwenye uzi mmoja humu nimeona watu wanabishana kama mwanamke anayevaa suruali ataingia mbinguni. Nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikaamua niwaletee mambo ya kwetu. Yote niliyaona kwa macho yangu au niliambiwa na mama mwenyewe. Majina naacha, maana wengine bado wako hai na wakisoma watajijua.

Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka apite tu, hatutakosana.

Mimi ni mtoto wa mke wa pili. Hiyo ilikuwa Kitale, miaka ya themanini. Baba alikuwa na shamba la mahindi nje ya mji, na mahindi yakishavunwa alifanya useremala. Mke wake wa kwanza, ambaye sisi tulimwita Mama Mkubwa, hakujaliwa kupata mtoto.

Sasa hapa msikilize vizuri, kwa sababu ndipo mambo yote yalipoanzia.

Baba hakutafuta mke wa pili. Mama Mkubwa ndiye alimtafutia. Alikuwa akienda soko la Misikhu kununua vitunguu, akaona msichana mmoja anauza ndizi, akapenda tabia yake. Akaulizia kwao. Akarudi Kitale akamwambia Baba kwamba amempata mtu.

Kwetu hilo halikuwa jambo la ajabu. Mwanamke asiye na mtoto aliona heri achague mwenyewe kuliko aletewe asiyemjua. Huyo msichana wa ndizi ndiye mama yangu.

Waliishi vizuri. Sisemi hawakununiana, wake wenza ni wake wenza tu. Lakini sisi watoto tulikula nyumba yoyote iliyokuwa na moshi, na hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi.

Shida ilikuwa kanisani.

Mama Mkubwa alibatizwa akiwa msichana. Alikuwa na kadi ya kanisa, alifunga kitambaa cheupe, alikaa mbele na akina mama wengine, na Meza ya Bwana ikiandaliwa alikula. Kanisa lilimhesabu kama mke aliyeonewa. Hakuna aliyejua kuwa ndiye alienda kuleta mke mwenza, na yeye hakusema.

Baba alikuwa ametengwa meza tangu alipooa tena. Hakusumbuka. Alikuja Krismasi na siku za harambee, akaimba kwa sauti kuliko wote, akaenda zake.

Mama yangu alikaa nyuma kabisa, benchi la wanaofundishwa ubatizo. Wenzake walikuwa wasichana wadogo. Kila mwaka wale walibatizwa wakasogea mbele, na wengine wakaja, na yeye akabaki hapo hapo.

Mjue kwamba mama aliutaka ubatizo kweli. Kuna mama mmoja waliyekaa naye benchi hilo, naye alikuwa mke wa pili, akafa kwa homa. Kanisa halikwenda kumzika. Majirani walichimba kaburi, wakafunika, wakanawa mikono, wakaondoka. Hakuna wimbo, hakuna aliyeomba. Mama alirudi kutoka mazishini na hakula siku hiyo. Tangu hapo aliogopa kufa akiwa nje.

Basi akaanza kufuata masharti.

Kwanza aliambiwa akariri maswali na majibu ya mafundisho. Hakujua kusoma. Mimi nilimsomea jioni akikoboa mahindi, na baada ya muda aliyajua kuliko mwalimu wake.

Halafu akaambiwa aache kupika busaa, ile pombe yetu ya kienyeji. Wakuu wa huko kwetu mnajua maana yake. Ukitaka watu wakusaidie kupalilia, uliwaita, wakapiga jembe asubuhi, na mchana wakakuta busaa iko tayari. Mama akapika uji wa wimbi badala yake. Walikuja wachache, na hao wachache waliuangalia ule uji kama watu waliodanganywa. Mwaka huo tulipalilia wenyewe mpaka migongo ikauma.

Akaacha hereni. Akaacha kucheza ngoma za harusi. Akaanza kufunga kula kila Jumatano, baadaye na Ijumaa.

Kisha akaja mchungaji mpya aliyehamishwa kutoka upande wa Bungoma. Alikuwa mtu mpole, na upole huo ndio uliniuma zaidi, maana mtu mkali ungemchukia upumzike. Alimketisha mama akamweleza taratibu kwamba amejitahidi sana, ila mke wa pili hawezi kubatizwa akiwa bado kwa mume. Akitaka ubatizo, aondoke.

Mama akaondoka.

Nilikuwa darasa la sita. Nilirudi kutoka shule nikamkuta amefunga nguo zake kwenye leso. Alinieleza kwamba anaenda kwa Mungu kwanza na atatuita baadaye. Nikamwuliza Mungu anakaa Misikhu tangu lini. Mama alinishika tu kichwa. Baba alikuwa amesimama mlangoni pa karakana yake na randa mkononi.

Alikwenda kwa kaka yake Misikhu, akapewa jiko la zamani alale humo. Akarudia kuuza ndizi.

Mlidhani sasa atabatizwa? Hata mimi nilidhani.

Kanisa la Misikhu lilisema kuondoka pekee hakutoshi. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa, kwa hivyo ndoa ipo mpaka ng'ombe warudi. Sasa wale ng'ombe, mjomba alikuwa ameoa nao zamani, na wamezaa, na wengine wameliwa. Wangerudi kutoka wapi?

Wazee wakakaa tena wakalegeza kidogo. Wakasema ng'ombe waachwe, lakini mama aonyeshe kwamba hana uhusiano wowote na mume. Asimkaribishe. Asipokee kitu chake.

Baba alimpelekea gunia la mahindi baada ya mavuno, ili watoto wapate cha kula wakienda kumtembelea. Mama alimsalimia akiwa ndani, mlango umefungwa. Baba akaliweka gunia kwenye baraza, akarudi Kitale.

Hapo ndipo mama alifanya jambo ambalo hata leo sijui nilie au nicheke. Alikuwa hana unga ndani. Lakini aliona akila mahindi ya mume atakuwa bado mke. Akampa mjomba, na mjomba akakataa.

"Dada, ati mahindi inakuwa dhambi namna gani?" mjomba alimwuliza. "Si ni wewe ulipanda hii?"

Kweli ni yeye alikuwa amepanda. Hata hivyo hakula. Jumapili ya mavuno akamwomba kijana wa baiskeli, gunia likapelekwa kanisani kama sadaka.

Na kanisa likapokea. Gunia likauzwa kwa mnada pale pale na kuku na maboga, na mzee mmoja wa kanisa, mmoja wa wale waliosema mama asipokee kitu cha mume, akalinunua akapeleka kwake. Akala ugali na familia yake. Hakuna aliyemwuliza yeye ni mke wa nani.

Tulipoenda kumwona likizo ya Disemba, mimi na Mama Mkubwa, sikumtambua haraka. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu. Alituandalia chai ya rangi, na yeye hakunywa kwa sababu ilikuwa Ijumaa.

Niliona Mama Mkubwa anaangalia lile jiko. Anaangalia mkeka, anaangalia sufuria tupu. Hatukuwa tumekuja kumchukua, tulikuja kumsalimu tu.

Mama Mkubwa akaweka kikombe chini akamwuliza haya yote anafanya ili apate nini.

Mama akasema anataka akubaliwe.

"Na nani?"

Nafikiri mama hakuwahi kuulizwa hivyo.

Sasa maneno yaliyofuata nayaandika kama alivyosema, maana nimeishi nayo.

"Wewe unajua nani alikuleta kwa ile boma," Mama Mkubwa alisema. "Ni mimi. Sikuomba Mungu, sikungoja, nilienda soko nikakuchagua kama vile mtu anachagua mbuzi. Halafu nikanyamaza, na wakaendelea kunipatia mkate. Miaka hii yote nakula, wewe unakaa nyuma. Kama hiyo mkate ni ya watu safi, mimi ndiye ningekuwa nje."

Mama akamwambia asiseme hivyo.

"Nitasema. Mimi nilikubaliwa kwa damu ya Yesu, sina kitu ingine. Sasa hiyo damu ilinitosha mimi, halafu ikapungukia wewe?"

Mama alilia. Si kilio cha msiba. Alilia kama mtu aliyebeba mtungi tangu mtoni na mwishowe mtu akamsaidia kuutua. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa amesikia habari za msalaba miaka mingi, lakini siku hiyo ndiyo mara ya kwanza alielewa kwamba ilifanyika kwa ajili yake pia, kabla hajaacha busaa, kabla hajafunga hata Jumatano moja.

Akanywa chai. Ijumaa.

Kesho yake tulipanda basi watatu kurudi Kitale.

Msidhani mambo yaliisha kwa vigelegele. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Mama Mkubwa aliingia na kitambaa chake cheupe, akapita viti vya mbele, hapana, hata hakufika huko, akakaa nyuma kando ya mama yangu. Mkate ulipopitishwa hakuchukua.

Wazee wakamwita. Akawaambia yote, kwamba mke wa pili ni kazi ya mikono yake, na kwamba kama makosa yake yalisamehewa bure haoni ya mwenzake yanalipiwa kwa nini. Atakula siku watakapokula pamoja. Mchungaji yule mpole aliinamisha kichwa akasema sheria si yake. Kadi ya Mama Mkubwa ikachukuliwa.

Watu walimsema sana. Wengine walisema amerogwa na mke mwenza. Yeye aliendelea kuja, na wale wawili walikaa benchi moja mimi nikimaliza shule ya msingi, nikienda sekondari, nikiolewa.

Kilichonishangaza ni mama. Nilidhani akijua hakuna sharti atarudia busaa. Hakurudia. Lakini uoga uliisha. Mtu akifa, hata yule ambaye kanisa lingemwacha, mama alikwenda na Mama Mkubwa wakaimba kaburini wawili tu mpaka majirani wakaona aibu wakajiunga. Alifanya zaidi ya zamani, na aliongezeka uzito.

Miaka ya tisini kanisa likafanya mkutano mkubwa Kanduyi, na pamoja na mambo mengine wakakubaliana kwamba wake wa pili walioolewa kabla ya kuamini wanaweza kubatizwa. Mzee mmoja alikuja nyumbani kumwambia mama. Nilitegemea amfukuze. Mimi ningemfukuza. Mama akampikia kuku.

Ubatizo ulikuwa mtoni, asubuhi ya baridi ile ya Kitale inayofanya meno yagongane. Mchungaji alikuwa kijana, ndiyo kwanza ametoka chuo. Mama alikuwa mzee kuliko wote kwenye foleni. Mama Mkubwa alisimama ukingoni na shuka kavu, na miguu yake ilikuwa inamsumbua wakati huo.

Desturi ilikuwa mchungaji akuulize mbele ya watu kama umetimiza masharti yote ya ubatizo. Nawe unajibu, "Nimetimiza." Ndipo unazamishwa. Vijana wa mbele walijibu hivyo mmoja mmoja.

Mama akafika, maji kiunoni. Akaulizwa.

"Sijatimiza, mchungaji," akasema. "Nilijaribu sana, nikashindwa. Yesu ndiye alitimiza. Mimi nimekuja kwake tu."

Yule kijana akageuka kuwaangalia wazee. Wazee wakaangalia maji. Nikasikia mtu anakohoa ng'ambo. Halafu mchungaji akamshika mama mabega akamzamisha.

Niseme ukweli wakuu, nililia.

Na hili ndilo hunifanya nicheke. Aliyemfuata alikuwa msichana mdogo, anatetemeka kwa baridi. Mchungaji akamwuliza kama ametimiza masharti yote. Msichana akafikiri, akasema, "Mimi ni kama huyo mama." Wa nyuma yake akasema hivyo hivyo. Alipofika wa nne, mchungaji hakuuliza tena.

Jumapili ile Mama Mkubwa alirudishiwa kadi yake, na wakala mkate pamoja, wote wawili. Mama Mkubwa aliutafuna polepole kama mtu asiyetaka uishe. Wote wameshalala sasa, na kanisa liliwazika kwa nyimbo, ingawa kufikia hapo hakuna aliyekuwa anaogopa lolote.

Kabla hamjanirukia: sitetei ndoa ya wake wawili. Mimi singekubali, na bwana wangu anajua. Wala sisemi taratibu ni mbaya. Sisi watu wa mahindi tunapanda kwa kamba ili mstari unyooke. Lakini kamba haioteshi mbegu, na mama yangu alikaribia kufa njaa akiwa ameishika kamba.

Nilichojifunza ni hicho. Ukimwona mtu anahangaika kutimiza masharti, usimwongezee lingine. Mwambie kwanza nani alishamaliza.

Haya, uwanja ni wenu. Wa suruali wa jana pia karibuni, na wachungaji mlioko humu msijifiche. Mngekuwa wale wazee pale mtoni, mngemjibu mama nini?